Mke Mwenzangu Mwenye Majani Mekundu

Baba Cherono,

Mke mwenzangu alikuwa mgonjwa. Usishtuke huko uliko, nasema ule mti wako wa Kijapani, ile meipo uliyopewa na meneja wa shamba la maua kule Naivasha alipokuwa akirudi kwao. Uliileta hapa Njoro ukiwa umeipakata, na mimi ukaniachia mifuko yote nibebe.

Wiki tuliyokuzika mti ulianza kukauka. Majani yalijikunja ncha, yakawa ya kahawia, yakaanguka hata kabla hema halijarudishwa kwa wenyewe. Pasta aliyaona, na Jumapili akahubiri: "Hata mti umevua nguo kumwomboleza mzee." Kanisa zima likaguna. Tangu hapo watu wakija kunipa pole wanapitia kwanza kwa mti. Mimi ambaye sikulia makaburini, kwa sababu nilikuwa nawaza kama chai itatosha, nikaonekana sina huruma.

Nilikasirika, nakwambia ukweli. Unajua tulivyoishi, mimi na yeye. Maji ya mvua kwenye tangi yalikuwa yake, eti ya kisima yana chumvi. Leso yangu ya maua uliifunga kwenye vijiti iwe kivuli chake cha mchana, na nilipoiulizia ukanijibu, "Wewe una mabati." Chapati hukuziona mwezi mzima.

Kisha dada yako Tabitha akasema, "Mama Cherono, wacha huo mti, umeenda na mwenyewe." Akataka ukatwe, pale tuanike nguo. Ungedhani ningekubali kabla hajamaliza kusema. Lakini nilitazama kile kigogo chembamba nikaogopa. Ukikatwa, nitabaki nikigombana na nani hapa nyumbani?

Nikaenda agroveti. Muuzaji hakuwahi kuona mti kama huo, akaniuzia dawa ya ukungu wa viazi, maana ndiyo anayomuuzia kila mtu. Nikanyunyiza, nikanuka dawa siku nzima, mti ukabaki vile vile. Mama mmoja wa kanisa akaupaka mafuta ya upako.

Ndipo nikakumbuka ukucha wako. Kila mti ulipopukutisha majani kwenye baridi ya Julai, ulikuwa ukikwaruza tawi kwa ukucha wa kidole gumba, na ukiona kijani chini ya ganda unacheka. Halafu unaingia jikoni na ukucha ule ule mchafu, unanikwaruza mkono. "Na huyu bado yuko kijani." Nami nakufukuza na mwiko.

Basi nikakwaruza. Matawi ya juu, kavu. Ya katikati, kavu. Karibu kabisa na shina nikaona kijani, chembamba kama uzi. Nikachukua kijembe nikafukua polepole niione mizizi. Baba Cherono, udongo ulikuwa umeshindiliwa hata jembe likalia, na ulinuka supu. Nilitoa punje za wali, mafuta yaliyoganda, na mfupa wa mbuzi.

Ilikuwa ni jikoni ya matanga yako. Dada zako wa Olenguruone waliweka meko hapo karibu, na maji ya kila sufuria, ya moto na yenye chumvi, yakamwagwa kwenye shina huku watu wakipakanyaga. Mti uliosifiwa kanisani kwa kuomboleza ulikuwa umepikwa tu. Nilicheka hadi nikakaa chini, mjane na mfupa wa mbuzi mkononi.

Nikaondoa ule udongo wa juu. Nikaumwagilia maji ya tangi mengi, taratibu, yaoshe chumvi, kisha nikaacha ukauke kidogo kabla ya kurudia, maana ulikuwa ukisema mti huu haupendi kulala na miguu majini. Nikaweka mboji na majani makavu, nikakata matawi yaliyokufa. Na jua la mchana lilipozidi, usinicheke, nilienda kabatini nikatoa leso. Ile ile.

Mvua zilipoanza ukachipua. Vijani vidogo vyekundu, bado vimekunjwa. Tabitha alipoviona alinuna, akauliza mbona mti umemaliza matanga mapema hivyo. Mimi nilizunguka nyuma ya zizi nikalia, Baba Cherono, kilio chote cha makaburini. Pasta hakuwepo kuona.

Sasa wacha nikuage, maziwa yanataka kufurika. Nakuahidi mti hautakatwa nikiwa hai, wala hakuna atakayemwaga supu pale, hata kwenye matanga yangu mimi. Nimeshamwambia Cherono mahali pa kuweka meko. Leso, mke mwenzangu aendelee nayo mpaka jua lipoe, halafu anirudishie.

Mkono wangu hauna wa kuukwaruza siku hizi. Jioni nikishakwaruza tawi lake, najikwaruza mwenyewe, nikiwa nimesimama pale pale.

Bado, Baba Cherono. Bado kijani.

Wako,
Mama Cherono