Vyumba Vitano vya Sifa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Madaftari hamsini na nane. Hadithi arobaini na moja zinaisha na "Mungu akasaidia". Kumi na mbili zinaisha na "kisha nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto". Tano hazina mwisho kabisa. Katika moja, mstari wa tatu simba amemla mjomba. Mstari wa nne Mungu amesaidia, mjomba yuko mezani anakula bugali.

Nawapenda hawa watoto, lakini leo wamenichosha. Kesho nawafundisha kupanga kabla ya kuandika. Kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa baadaye. Direkta hatapenda. Shauri yake.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimechora nyumba ubaoni, vyumba vitano. Ni nani? Anataka nini? Nini kinamzuia? Anafanya nini? Inaishaje? Vyumba viwili vya mwisho lazima viandikwe na sababu. Nimepiga marufuku ndoto. Nimepiga marufuku "Mungu akasaidia" pia. Nimewaambia Mungu ana kazi zake. Katika hadithi, mtu afanye kitu mwenyewe. Mtoto wa katekista amenikodolea macho. Labda nitaitwa parokiani.

Sifa amenyoosha mkono. Ni yule wa benchi la mbele, miaka kumi na mmoja, mkimya, mwandiko wa kunyooka. Ameuliza: kama mtu wa hadithi ni mtoto, naye afanye mwenyewe? Nimejibu ndiyo, hasa mtoto. Swali lake lilinifurahisha siku nzima.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepitia mipango yao. Wa Sifa:

Ni nani? Mutoto musichana wa Kalemie. Anataka nini? Mama yake arudi. Nini kinamzuia? Mama iko Kirungu kwao, baba iko Kalemie, hakuna mwenye anataka kufuata mwenzake. Anafanya nini? Anaomba. Inaishaje? Mungu anasaidia.

Naijua nyumba hiyo. Papa Sifa, baba yake, mvuvi, aligombana na mkewe kabla ya Noeli. Mama akambeba mtoto mdogo, akapanda boti ya Moba, akaenda kwao Kirungu. Toka siku ile kila mmoja anangoja mwenzake aombe samahani. Hata simu hawapigiani. Mtaa mzima unajua.

Moyo uliniuma. Hata hivyo nimepiga mstari mwekundu juu ya vyumba viwili vya mwisho, nikaandika: "Afanye nini mwenyewe? Kwa njia gani? Sababu?" Sheria nimeiweka mimi, siwezi kuivunja siku ya pili.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku ya wanawake. Nimekusanya madaftari saa nne, haraka haraka. Kwa kawaida nasahihisha Ijumaa mchana, watoto wanajua. Leo hapana. Defile, gwaride la mjini. Walimu wanawake tumevaa vikwembe vya kitenge cha namna moja, tumepita mbele ya wakubwa na jua kichwani. Viatu vimeniua. Kisha samaki, Fanta, kucheza. Nimecheka kama sijacheka mwaka mzima.

Madaftari yatangoja.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wengi hawakuja. Sifa pia. Labda malaria. Nimeandika "hayupo", nikaendelea na hesabu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimetoka misa, nimekula, nimefungua madaftari. La Sifa lilikuwa juu kabisa.

Chumba cha nne: "Mutoto anaambia baba eti anaenda kwa shangazi mpaka siku ya Mungu. Ijumaa anapanda boti ya Moba na mama moja wa kwaya mwenye kuuzisha samaki ndagala. Anashuka Zongwe. Sababu: Zongwe njo katikati."

Chumba cha tano: "Mutoto anangoja. Baba anatoka Kalemie, mama anatelemuka Kirungu, wote wanafika Zongwe. Sababu: Madame anasoma madaftari Ijumaa, atawaambia."

Nimesoma mara tatu. Ijumaa. Ijumaa nilikuwa nacheza.

Nimekimbia kwa Papa Sifa na kandambili miguuni. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba, anamngoja binti yake atoke kwa shangazi. Nilimpa daftari. Anasoma polepole, kwa kidole. Alipomaliza chumba cha tano, kidole kilibaki palepale. Nilimwambia kosa ni langu. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alitoa simu, akatafuta namba ambayo hakuwa ameipiga tangu kabla ya Noeli.

"Mama Sifa, njo mimi, Papa Sifa. Usikate. Mutoto iko Zongwe, anatungoja."

Hakuna boti mpaka kesho asubuhi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, siku mbili sasa, na upepo umeanza ziwani. Naogopa sana. Nimepiga magoti. Mimi niliyemfuta Mungu ubaoni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Papa Sifa ameondoka na boti ya kwanza. Nimemweleza Direkta yote. Amenirudisha darasani, afadhali angefoka. Nimefundisha vibaya. Zongwe simu hazipiti. Benchi la mbele lina nafasi, na hakuna mtoto anayetaka kusogea.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Saa tisa simu imelia. Papa Sifa, amepanda kilimani kutafuta mtandao. Mtoto ni mzima.

Mama wa ndagala alimwacha kwa familia moja ya kanisa, kwa sababu Sifa alimhakikishia kwamba wazazi wako njiani. Kila boti iliyofika, alikwenda kuitazama. Jumamosi. Jumapili. Jana. Waliomweka walianza kumshuku, wakamuuliza wazazi gani hao wasiofika. Aliwajibu kwamba Madame amechelewa kidogo tu, atasoma.

Mama yake ndiye aliyetangulia. Aliteremka kutoka Kirungu kwa miguu mpaka bandarini Moba, mtoto mdogo mgongoni, akapata boti. Papa Sifa alipofika aliwakuta wote watatu wamekaa kwenye mchanga. Hakuniambia walisemezana nini, wala sikuuliza. Nimekata simu, nimelia hapo hapo ofisini, Direkta akitazama dirishani.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Sifa amerudi darasani. Mama yake amemleta mpaka mlangoni. Amenisalimu vizuri, hakutabasamu, na ana haki. Amefikia kwa dada yake hapa Kalemie, hajaingia nyumbani kwa mumewe. Lakini Papa Sifa anakwenda kula huko kila jioni, na jana amebeba samaki mkononi mtaa mzima ukimwona.

Nimemwomba Sifa samahani mbele ya wenzake. Nimesema Ijumaa ile sikusoma. Nimesema pia kwamba mtoto wa hadithi anaweza kupanda boti peke yake, lakini mtoto wa kweli aje kwanza aniambie. Yeye alikuwa anachonga penseli.

"Si kitu, Madame. Ulisoma."

Nimeruhusu tena "Mungu akasaidia". Mtoto wa katekista amepumua.

Mchana nimesahihisha. Sifa amechora nyumba mpya, safi, kwa rula. Vyumba vinne vimejaa. Katika cha tano ameandika neno moja: bado. Nimeshika kalamu nyekundu, nimeiweka chini. Nimempa pointi zote, kisha nimesoma mengine hamsini na saba, mpaka la mwisho, kabla ya kula.