Ile Nyasi ya Nyanya Yako

Mjukuu wangu Mutua,

Hapa Kayole tuko sawa. Dada yako amezaa msichana. Amepewa jina la marehemu nyanya yako, na kelele ni yake pia.

Unauliza kama ulime ile nyasi ya shamba upande mahindi. Nikiwa kijana nililima nusu. Udongo ulikuwa mweusi, umejaa mizizi. Niling'oa yote nikachoma, nikajiona fundi. Mwaka wa tatu udongo ulikuwa kama jivu, mahindi yakanifika goti.

Nyanya yako akacheka: "Baba Kioko, ule weusi ni mizizi ya zamani imeoza. Umechoma chakula ya shamba!"

Sikusikia, nikabeba jembe niende kulima nusu ingine. Akasimama mbele yangu, akakataa kutoka.

Hiyo nyasi unaona ni yeye aliiokoa. Lisha ng'ombe, usilime.

Babu yako, bado nabeba mawe ya ujenzi hapa mjini.