Chuma Kimemchongea Mavyaa

Afiya, uko? Niko nje kwa daktari.

Unakijua kile chuma nilichowekwa mguuni, chenye kifaa kinachompelekea daktari habari za mfupa. Leo kazisoma mbele ya mume wangu Ridhwan na mavyaa, mamake. Kasema mfupa ulikuwa unaunga vizuri mpaka Alhamisi, kisha ukavutwa.

Alhamisi, Afiya. Siku ambayo mavyaa alimleta mkandaji wake na mafuta ya moto, mume wangu yuko kazini. Mavyaa mwenyewe alinishika mabega nivutwe mguu.

Sijafungua mdomo, keshasema, "Huyu hatulii, daktari. Kutwa yuko ngazini."

Ngazini. Mimi ninayekwenda chooni kwa magongo.

Daktari akamtazama. "Ngazi haivuti mfupa hivi, mama. Hii ni mikono ya mtu."

Unajua kajibu nini? "Basi hicho chuma kinasema uongo. Kitoeni."

Na Ridhwan kainamia simu yake.

Sasa napasuliwa upya, na mavyaa anampigia dadake simu kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayelala nami wodini kuniuguza.

Nimemwambia Ridhwan, mamako akikanyaga wodi hiyo, mimi nikitoka narudi kwetu Mambrui. Kaniuliza nitafikaje na mguu huu.

Nitatambaa.