Mwachilie Mutheu Akielekea Mlangoni

Baba Mutheu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usiniambie nipoe. Ulikuwa ukisema nikikasirika naongea kama redio iliyopoteza stesheni. Basi leo sikiliza hiyo redio.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Mama yako amehamia kwa ndugu yako kule Malili. Shuleni walileta mwalimu mwingine wa fizikia mahali pako, kijana wa Kilungu, na wanafunzi wanasema hachekeshi hata kidogo. Mimi nimebaki hapa Kwa Vonza na Mutheu wetu na shamba la mtama. Mtama umezaa vizuri, haki, na hakuna ndege hata mmoja aliyeugusa.

Mwanzoni nilidhani ni baraka. Majirani wanapiga mabati tangu alfajiri, na ndege wakitoka kwao wanapita juu ya kwetu bila kutua. Halafu asubuhi moja nikiwasha moto nikasikia kombeo lako. Vuu, vuu, vuu. Lilikuwa linavuma kule juu ya dungu, kwenye jukwaa la kufukuzia ndege ulilojenga katikati ya shamba. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Hakukuwa na mtu. Kombeo lenyewe, lile la katani ulilosokota mwenyewe, lilikuwa limening'inia msumarini jikoni, nyuma yangu. Nikasema asante, Baba Mutheu. Kweli nilisema. Nilidhani umekuja kutulindia chakula.

Kumbe hukuwa unazungusha jiwe. Jua lilipotoka nilimwona Mutheu anakimbia kulizunguka dungu, mbali, karibu na ua wa miiba. Hakuwa na haraka wala hakuwa polepole, ni mwendo mmoja tu, macho mbele. Nikamwita, hakugeuka. Mvumo ulipokoma akasimama, akaja kunywa uji. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini. "Baba amenishika," akasema, akacheka na lile pengo lake la meno.

Unakumbuka tulivyogombana kuhusu jiwe la kombeo? Wewe juu ya dungu na kombeo mkono wa kushoto, mimi chini na chai yako. Nikasema jiwe linavuta kwenda nje, hata mimi nikizungusha nasikia. Ulicheka mpaka chai ikamwagika. Ukasema, "Mama Mutheu, jiwe halina haja ya kwenda nje wala ya kuzunguka. Linataka kwenda zake mbele tu. Mkono ndio unaolivuta ndani, kila saa linageuzwa njia." Nikakuambia nenda ukawadanganye watoto wa watu. Sasa nimeamini, na nimeamini kwa mtoto wangu mwenyewe.

Kwa sababu duara linapungua. Kila asubuhi anapita ndani kidogo ya jana, mtama uliokanyagwa unaonyesha. Mwendo ni ule ule. Na ni wewe uliyenifundisha, kamba ikifupishwa na mwendo usipungue, mvuto unazidi. Nauona. Siku za kwanza alikimbia wima. Sasa anakimbia amelala upande, bega limeinamia dungu, na hacheki tena. Juzi nilijitupa nikamshika kiuno. Baba Mutheu, nilisikia mkono mwingine. Ukavuta, nikavuta, mtoto akapiga yowe kwa maumivu ya bega, na mimi ndiye niliyeachilia. Pastor alikuja akaomba, akakemea, akaondoka bila kunywa chai, mtu anayependa chai vile! Jana Mutheu alikuwa anapita karibu kabisa na miguu ya dungu. Sitaki kujua huko katikati kuna nini.

Najua hutaki kumdhuru. Ulimpenda huyu mtoto mpaka ukamdekeza. Umeshindwa tu kufungua mkono. Mimi pia sijaweza, bado nalala na shati lako la bluu. Lakini shati ni shati. Huyu ana pumzi, ana shule, ana uji wa kunywa. Niachie mtoto wangu, we mtu!

Nilitaka kulikata dungu kwa shoka, nikaogopa. Nilikumbuka jiwe linavyotoka. Likiachiliwa halirudi ndani, wala halikimbii kuupa mkono mgongo. Linakwenda moja kwa moja kule lilikokuwa limeelekea saa ile ile. Na huku juu kuna ua wa miiba, chini kuna korongo walikochimba mchanga. Ukimwachilia ovyo atakwenda huko na mwendo wake wote.

Kuna mahali pamoja tu pa kumwachilia. Akishapita ule mguu wa dungu uliopinda, uso wake unaelekea mlango wa jikoni. Ni kufumba na kufumbua. Leo nimeshinda nikifyeka mtama kutoka hapo mpaka mlangoni, njia nyoofu, masuke mazuri yote chini, na sijali. Kesho asubuhi nitasimama mlangoni. Hukuwahi kumkosa ndege akiruka. Huyu usimkose.

Kwaheri, mume wangu. Nilikupenda na bado nakupenda, na nakuomba uende. Ukishamwachilia sitakuita tena, hata upande wako wa kitanda ukiwa baridi namna gani. Hiyo ni ahadi. Nyingine ni hii: mikono yangu itakuwa wazi kabla jua halijatoka. Wewe fungua wako tu. Mimi nitamdaka.

Mama Mutheu