Kengele ya Mashine ya Nne

Makambako, 3 Machi 2025

Kamwene, baba. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi sijambo, baridi tu.

Nimepangwa kukagua kiwanda cha mbao huko Njombe: wanaifuataje kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kila siku, wanapunguzaje upotevu. Ndiyo, kwa Frederick, meneja aliyekufukuza kwa kusimamisha mashine iliyokuwa ikiharibu mbao. Miaka sita naingoja siku hii. Samaki nitamkaanga kwa mafuta yake.

Mwanao, Oktavia

Kichiwa, 9 Machi

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo. Mama amepata nafuu, tunapalilia viazi.

Usithubutu. Mdogo wako Anthony alianza kazi huko Januari. Nilikwenda mwenyewe kumwomba Frederick, jogoo kwapani. Nilimeza, nawe meza. Mpe anachostahili, usiongeze wala usipunguze.

Baba yako, Silvesta

Njombe, 21 Machi

Shikamoo baba. Poleni na palizi.

Nilikutii. Sakafu safi, zana zimetundikwa mahali pake, na kila mashine ina kengele: yeyote akiona kasoro apige, kazi isimame. Tukiwa pale, Anthony, kwenye mashine ya nne, aliona mbao zinatoka nyembamba upande mmoja. Akapiga. Frederick akampongeza mbele yetu, nasi tukawapa alama zote kwenye mstari wa kengele.

Kesho yake nikarudi kuchukua saini. Mashine ya nne ina mtu mwingine. Anthony ameambiwa akapumzike nyumbani, kisa kengele. Mkaguzi mwenzangu Jane akawahoji wafanyakazi watatu, wote wakasema ndivyo ilivyo kila mara wageni wakiondoka. Tumefuta alama, tumeandika sifuri na sababu yake. Mnunuzi wa nje husoma mstari huo kwanza.

Mwanao, Oktavia

Kichiwa, 2 Aprili

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo. Anthony alifika salama.

Jana Frederick alikuja na barua ya kumrudisha kazini. Mnunuzi amesitisha mkataba, naye Frederick anaomba ubadilishe alama. Nikamkaribisha chai uani, majirani wakasogea. Nikamwambia aseme kwa sauti, masikio yangu yaliharibiwa na msumeno wa kiwandani kwake. Akasema nilikuwa na haki ya kusimamisha ile mashine. Nikasema sijasikia. Akarudia. Sijasikia. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka Feliciana wa ng'ambo ya barabara akatoka jikoni.

Nilimsikia tangu mara ya kwanza. Barua ya Anthony nimeipokea kwa mikono miwili. Alama usiziguse.

Baba yako, Silvesta