Kangaga Juu ya Robota

Mama, shikamoo. Nakusalimu nikiwa nalowa jasho. Joto la Guangzhou linakufuata hadi chini ya feni.

Jana Bi Lin, mwenye duka ninakonunua nguo za watoto, alinikaribisha chakula. Ikaletwa sahani ya nyama ya ng'ombe, na chini yake machipukizi ya kangaga yaliyojikunja ncha, sawasawa na yale unayoyakata kwenye kivuli cha msitu wetu, kule ukungu usikoondoka. Nikala nyama, makangaga nikayaacha. Nilidhani yametandikwa tu, kama unavyotandika tenga la plamu!

Bi Lin akanuna. Kiswahili chake ni cha dukani: "Dada, mboga yangu mbaya?"

Kumbe ndiyo mboga yenyewe, na aliihangaikia sokoni kwa ajili yangu. Mama, sikuona haya. Nilimwambia kwetu kangaga lina kazi ya heshima: mama yangu hulitandikia na kulifunikia plamu zake, nazo hufika sokoni Mombo zimepoa kama zimetoka mtoni, na wanunuzi wakiyaona majani yale hawaulizi tenga ni la nani. Kisha nikaimaliza sahani. Tamu, ila usiyapike ya kwetu, huenda si ya kuliwa.

Leo nimekuta robota langu la nguo limeshafungwa, na Bi Lin amechomeka kangaga bichi chini ya kamba. "Watu wajue ya nani," akasema.

Mungu akuweke, mama. Kangaga litafika limekauka, lakini marobota yakishushwa hutahitaji kuuliza lipi ni letu.

Mwanao, Zuhura