Mulima Nyuma ya Darasa

Kashuga, 12/10/2023

Papa Katembo,

Jambo sana. Natumaini uko muzima, na ule mugongo hauumi tena. Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Antene ya simu iliharibika, njo maana ninatuma barua kwa Michel, dereva wako.

Mukubwa wa shule alituambia: tangu mwaka huu, kufundisha mabadiliko ya hali ya hewa iko lazima katika somo la sayansi. Wazazi hawakupenda. Mumoja alisema, "Vita inatumaliza, mwalimu, na weye unafundisha mawingu?" Lakini nilianza. Nilipeleka watoto kwenye mulima nyuma ya darasa, tukatazama visiki na udongo wenye umepasuka.

Binti yako,
Blandine

Mubi, 3/11/2023

Mutoto wangu Blandine,

Salamu nyingi. Mugongo umepoa, sasa magoti njo yameanza. Kamyo yangu ya kubeba mbao inakwama kila siku, mvua imeharibu barabara.

Mambo ya visiki uache. Fundisha yenye itawapitisha mutihani. Ninauza mbao tangu haujazaliwa, na mbao njo zilikusomesha. Unataka watoto wa watu wanichukie?

Papa yako

Kashuga, 9/1/2024

Papa,

Pole kwa magoti. Mimi niko muzima, lakini huku tuko na kilio. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua, wakati tulingoja jua. Mulima ulianguka juu ya nyumba nne. Lévi, mwanafunzi wangu, alikufa pamoja na mama yake.

Kesho yake watu walimukamata mujane mukimbizi, Mama Muhawenimana. Walisema yeye njo aliita mvua. Walishika fimbo. Nilisimama mbele yake. Généreuse, mwanafunzi wangu wa miaka kumi na mbili, njo alisema:

"Papa, huyu mama alikuja juzi tu. Miti tulikata sisi, tukaichoma kuwa makala ya kupikia. Na mvua imebadilika, siyo ya huku peke yake. Tulisoma."

Papa yake alikuwa kati ya wale wa fimbo. Aliiangusha, akaketi kwenye matope, akalia. Wengine wakaondoka mumoja mumoja.

Sasa huyo mama anakaa kwangu. Siandiki ili nikushinde, Papa.

Binti yako

Mubi, 24/3/2024

Mutoto wangu,

Ninauliza afya yako kama kawaida. Hii ni barua ya tatu. Mbili zilirudi, kwani vita iliingia Kashuga na njia imefungwa. Michel alikutana na muntu mwenye alikuona ukipanda milima pamoja na wakimbizi, umemushika mama muzee mukono, labda yule mwenye anakaa kwako. Neno hilo njo ninalala nalo.

Juzi nilienda shule ya hapa, nikaomba kusema na darasa la sayansi. Niliwaambia misitu yote yenye nilikata, na vijito vyenye vilikauka kisha. Mutoto mumoja akauliza, "Papa, na sasa umeacha?"

Nilisema, "Bado."

Hakuna mwenye alicheka. Mwalimu wao aliomba nirudi. Nilimujibu nitarudi na binti yangu, yeye anajua kueleza.

Uje, mama.

Papa yako,
Katembo